Dawa ya Kushusha Mafuta: Uhakiki wa Istilahi za Tiba Arusha na Meru

Kazi ya kuunda istilahi huhesabiwa na watu wengi kuwa ni kazi ya mezani. Wataalamu huketi, orodha husomwa, neno hupendekezwa, hupingwa, na mwisho husanifishwa. Lakini neno likishatoka mezani huenda kukaa mahali ambapo waliolipitisha hawapo kulitetea: ubaoni mwa darasa, katika jalada la karani na, kwa upande wa tiba, juu ya bahasha ndogo ya vidonge. Hapo ndipo thamani yake inapojulikana. Katika makala haya tumekusudia kuzihakiki istilahi chache ambazo wagonjwa huelezwa kwazo dawa za cheti wanazoandikiwa na daktari baada ya kupimwa damu na kuonekana wana kolesteroli na trigliseridi nyingi kupita kiasi. Tumezungumzia Arusha na vijiji vya Mlima Meru kwa kuwa ndiko tulikokutana na jambo lenyewe, wala si kwa kuwa kosa ni la huko peke yake.

Yafaa ikumbukwe kwamba mwaka 1967, ambao Azimio la Arusha lilitangazwa, ndio mwaka ambao Bunge lilitunga sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Azimio lilitaka wananchi wajitegemee. Baraza lilipewa jukumu la kuikuza lugha ambayo wananchi hao wangeelezwa kwayo mambo yao. Mgonjwa asiyeweza kuelewa maandishi yaliyo juu ya dawa yake hajitegemei, hata kama dawa yenyewe ameinunua kwa fedha zake.

Tulikuwa nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu, si mbali na Usa River. Alikuwa amepatwa na kiharusi chepesi, akapata nafuu, ila mkono wake wa kushoto ulibaki mzito. Daktari alimpima damu akamwandikia atorvastatini. Mwalimu alitutolea bahasha ya dawa hiyo, ambayo alikuwa ameihifadhi ndani ya kamusi yake. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa kalamu: "Dawa ya kushusha mafuta. 1 × 1 usiku." Ndani mlikuwa na vidonge 30. Alivimeza vyote, hakuruka hata siku moja. Akarudi kupimwa, akaambiwa mafuta yameshuka. Akaacha. Baada ya miezi minane alipimwa tena, na kiasi kilikuwa kimerudi kule kule kilikotoka. Muuguzi, binti wa umri wa wajukuu zake, alimwamkia kisha akamwuliza kwa adabu kwa nini aliacha dawa. Mwalimu akamjibu: "Mwanangu, dawa iliandikwa ya kushusha, nayo ikashusha. Dozi nikaimaliza. Nilikosea wapi?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike. Mzee huyu alifundisha ufahamu darasani kwa miaka mingi, na maandishi yale aliyasoma sawasawa. Kosa ni la maandishi. Na nyuma ya mtoa dawa aliyeyaandika tumo sisi tunaoshughulika na istilahi, tuliomwachia maneno yasiyotosha kazi yake.

Neno "mafuta"

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Katika maongezi ya kila siku, na mara nyingi katika vyumba vya madaktari, kolesteroli na trigliseridi huitwa kwa pamoja "mafuta kwenye damu", au "mafuta" tu. Neno hili lina sifa moja kubwa, nayo ni kwamba kila mtu analijua. Lakini kasoro yake inatokana na sifa hiyo hiyo, maana kila mtu analijua kwa maana aliyonayo tayari. Kuna mafuta ya kupikia, ya taa, ya gari, ya kujipaka na ya nyama. Mgonjwa anapoambiwa ana mafuta katika damu, huitazama sufuria yake na kiuno chake.

Ukweli ni kwamba kolesteroli si mafuta kwa maana hiyo. Ni kitu mfano wa nta, ambacho kila seli ya mwili inakihitaji. Mwili hukitumia kutengeneza homoni kadhaa, nyongo na vitamini D. Sehemu yake kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa katika ini, na sehemu ndogo ndiyo itokanayo na chakula. Jina lake lilitungwa na mkemia wa Kifaransa, Chevreul, zaidi ya miaka 200 iliyopita, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya nyongo na kitu kigumu, kwa kuwa kilikuwa kimepatikana katika vijiwe vya nyongo. Waliokiita hivyo hawakukiita mafuta.

Trigliseridi, kwa upande wake, ni mafuta kweli: glisero moja iliyoungana na asidi tatu za mafuta, na ndiyo maana ya ile "tri" iliyo mwanzoni mwa jina. Mafuta ya alizeti na ya nyama ni ya namna hiyo. Lakini hapa pana ajabu nyingine. Trigliseridi katika damu haipandishwi na nyama ya mafuta peke yake. Sukari nyingi, wanga uliozidi, pombe, na kisukari kisichotunzwa huipandisha pia. Kwa hiyo mtu wa Tengeru aliyeacha nyama choma kwa uaminifu, huku akiendelea na soda mchana na pombe ya ndizi jioni, hushangaa majibu yake yanapotoka mabaya. Neno lilimwelekeza penye nyama, wala halikumtajia glasi.

Kasoro ya pili ni kwamba vitu viwili vimepewa jina moja, ilhali tiba zake si moja. Statini hushusha hasa kolesteroli. Trigliseridi inapopanda mno huweza kusababisha kongosho kuvimba, na maradhi hayo ni ya hatari. Hapo daktari huweza kuchagua dawa za kundi jingine, yaani fibrati, kama vile fenofibrati. Mgonjwa mwenye bahasha mbili zilizoandikwa zote "dawa ya mafuta" ana haki ya kudhani kwamba moja imezidi, akaiacha.

Kasoro ya tatu inahusu mahali. Miongoni mwa Waarusha na Wamaasai mafuta ya mnyama yana heshima yake: mzazi hupewa mafuta ya kondoo ili apate nguvu. Daktari anaposema Kiswahili na mjukuu akamfasiria bibi yake kwa Kiarusha, neno "mafuta" huvuka likiwa na heshima hiyo yote. Bibi husikia kwamba anacho kwa wingi kitu ambacho maisha yake yote aliambiwa ni cha afya.

Tena tunao mfano wa kisayansi kutoka katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1964 mtafiti wa Kimarekani, George Mann, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu Wamaasai wa Tanganyika, watu ambao chakula chao kilikuwa hasa maziwa na nyama. Kwa mujibu wa neno "mafuta", ilipaswa damu yao ijae kolesteroli. Ilionekana kuwa na kolesteroli kidogo. Mwaka 1972 Mann na wenzake walichapisha uchunguzi wa mioyo na ateri za maiti 50 za wanaume wa Kimaasai. Ateri hizo zilikuwa na unene katika kuta zake, kama za wazee wa Marekani, lakini zilikuwa zimepanuka kadiri umri ulivyozidi, hata njia ya damu ikabaki wazi. Mann aliyahusisha mambo hayo na mwendo mwingi na kazi za mwili. Wataalamu wamejadiliana sana tangu wakati huo, na hatukusudii kuingia katika mjadala huo, wala kumshauri mtu ale atakavyo. Tunachosema ni kwamba uhusiano wa chakula na damu si mwepesi kama neno "mafuta" linavyoufanya uonekane. Mtu mwembamba wa Ngaramtoni, apandaye mlima kila siku, huweza kuwa na kolesteroli nyingi kwa kurithi tu. Akiambiwa ana mafuta atacheka, na aliyecheka hamezi kidonge.

Neno "lehemu"

Waandishi wa magazeti na wa vitabu vya afya, kwa kuona upungufu huo, wamelitumia sana neno "lehemu" kwa maana ya kolesteroli. Hatuna budi kulitendea haki neno hili. Lina umbo la Kiswahili, ni fupi, linatamkika, na limekwisha kuingia katika maandishi mengi. Wapo wafasiri tunaowaheshimu wanaolitetea.

Hata hivyo lehemu ina kazi yake ya zamani. Kamusi zetu huieleza kuwa ni madini yanayoyeyushwa ili kuunganishia vyuma, na kulehemu ni kufanya kazi hiyo. Mtu akipita katika karakana za Unga Limited, au akizungumza na wanafunzi wa Chuo cha Ufundi Arusha, atalikuta neno hili katika ufundi wa vyuma. Sisi wenyewe tulimsikia fundi mmoja akieleza, bila mzaha, kwamba daktari alimwambia apunguze lehemu, naye akapunguza saa za kazi na kuanza kujifunika uso asivute moshi. Kujikinga na moshi ni jambo jema, lakini halikuwa ndilo aliloagizwa.

Inaweza kusemwa kwamba lugha zote zina maneno yenye maana mbili, na kwamba muktadha hutenganisha. Ni kweli, pale ambapo msikilizaji anazijua maana zote mbili. Anayeijua moja tu hana cha kutenganisha. Zaidi ya hayo, lehemu huleta picha ya kitu kilichoganda ndani ya bomba, na picha hiyo huzaa kitenzi chake, yaani "kuzibua". Ndipo tunaposikia juu ya dawa "zinazozibua mishipa" au "kusafisha mishipa", zikisifiwa sokoni na stendi kwa vipaza sauti. Ukweli ni kwamba utando unaotokana na kolesteroli hujengeka ndani ya ukuta wa ateri. Hauko juu yake kama uchafu wa bomba, na statini haifanyi kazi ya kuukwangua. Hupunguza kiasi cha kolesteroli kinachosafiri katika damu, ili utando usiendelee kukua na usipasuke kwa urahisi. Anayesubiri kuzibuliwa atangoja asikie mabadiliko mwilini. Asiposikia kitu, atasema dawa haifanyi kazi.

Neno "mishipa" nalo halina budi kutazamwa. Katika Kiswahili mshipa huweza kuwa wa damu au wa fahamu, na watu wengi, wakisema "ana mshipa", humaanisha ngiri au maradhi ya korodani. Mzee akipewa mbele ya wakwe zake bahasha iliyoandikwa "dawa ya mishipa" ataificha. Tunayo maneno "ateri" na "vena", ambayo yamo katika vitabu vya shule. Pale ambapo yataonekana mageni, na isemwe "mishipa ya damu" kwa ukamilifu wake.

Lipo pia jambo la "mafuta mazuri" na "mafuta mabaya", maneno yanayotumika kueleza zile herufi HDL na LDL zilizo katika karatasi ya maabara. Kolesteroli haiyeyuki katika damu. Hubebwa na lipoprotini, kama abiria wanavyobebwa na vifodi, ambavyo ndivyo watu wa Arusha wanavyoyaita mabasi yao madogo. LDL huitoa katika ini kuipeleka mwilini, na HDL huirudisha. Abiria ni yule yule, ila gari ndilo tofauti. Kwa hiyo lawama na sifa zingefaa kuelekezwa kwa wabebaji. Tunapendekeza "lipoprotini pelekezi" na "lipoprotini rejeshi" kwa maelezo ya kawaida, huku herufi zikibaki katika karatasi za maabara kama zilivyo.

Kitenzi "kushusha"

Tumeyazungumza majina, lakini jina silo lililomwangusha mwalimu wetu. Hata kama bahasha yake ingeandikwa "kolesteroli" kwa herufi kubwa, angeacha dawa vile vile. Kilichomwangusha ni kitenzi. Wahakiki wa istilahi, nasi tukiwamo, tumezoea kubishana juu ya nomino na kuviacha vitenzi vipite bila kuulizwa.

Kushusha ni tendo lenye mwisho. Mtu akiushusha mzigo kichwani, ameushusha. Hapana mtu anayesimama akiendelea kuushusha mzigo uliokwisha kufika chini. Kadhalika "kupunguza", "kuondoa" na "kuyeyusha", maneno ambayo yote tumeyaona juu ya bahasha. Kila moja humwambia msomaji kwamba kazi itakapokwisha, dawa nayo imekwisha. Ndiyo hasara ile ile iliyoletwa na "dawa ya kushusha presha": watu wengi huiacha siku presha iliposhuka.

Juu ya hapo tumeongeza neno "dozi". Kwa miaka mingi tumewafundisha wananchi, na kwa haki kabisa, kwamba dozi lazima imalizwe. Dawa ya mseto ya malaria humezwa kwa siku 3 ikaisha. Dawa za kuua bakteria nazo zina siku zake. Somo hilo limeeleweka vizuri mno. Sasa huja dawa isiyo na siku ya kumalizwa, nayo ikatiwa katika bahasha ile ile, kwa maneno yale yale, kwa tarakimu zile zile. Mwalimu aliyemaliza vidonge 30 alitii mafundisho ya serikali yake.

Statini hufanyaje kazi? Katika ini kuna kimeng'enya ambacho bila hicho kolesteroli haitengenezwi kwa wingi. Statini hukizuia. Wakulima wa Meru wanaomwagilia kwa mifereji wanajua kazi ya namna hii. Ubao uwekwapo kinywani mwa mfereji, maji hupungua shambani, ila mto haujakauka. Ubao ukiondolewa maji hurudi, wala hakuna atakayesema kwamba ubao ulikuwa mbovu. Vivyo hivyo, kipimo kizuri cha damu ni dalili kwamba ubao uko mahali pake.

Je, Kiswahili kinaweza kulisema jambo hili kwa kitenzi kimoja? Tunao ushahidi kwamba kinaweza. Dawa za wanaoishi na virusi vya UKIMWI zimeitwa "dawa za kufubaza virusi". Aliyelichagua neno hilo alifanya kazi njema. Halikusema kuua, kwa kuwa haziui. Halikusema kuponya, kwa kuwa haziponyi. Kitu kilichofubazwa bado kipo, na kinaweza kung'aa tena. Anayelisikia neno hilo huelewa, hata kabla ya kuelezwa, kwa nini dawa ni ya kila siku. Hicho ndicho kipimo cha istilahi ya tiba: iwe na sehemu ya maelekezo ndani yake.

Kwa kolesteroli sisi tunapendekeza kitenzi "kudhibiti". Tunajua kina harufu ya ofisi. Lakini kina sifa tunayoitafuta, maana anayedhibiti haondoki zamuni. Mdhibiti wa hesabu haachi kazi kwa sababu hesabu za mwezi huu zimekuwa safi. Kama yuko msomaji mwenye kitenzi kilicho bora zaidi, kutoka lahaja za pwani au kutoka lugha zetu nyingine, na akilete. Hatutakuwa na wivu.

Mambo madogo yenye hatari

Yapo makosa mengine ambayo mfasiri huweza kuyafanya kwa kutozingatia neno moja, na ambayo madhara yake si ya kilugha tu.

La kwanza ni neno "kipimo". Tunalitumia kwa tendo la kupima, kwa namba iliyopatikana, kwa kizio, na hata kwa kiasi cha dawa. Maabara moja huandika kolesteroli kwa miligramu katika desilita na nyingine kwa millimoli katika lita. Miligramu 200 za kwanza ni karibu sawa na millimoli 5.2 za pili. Mgonjwa aliyepewa 230 katika maabara moja na 5.9 katika nyingine hudhani amepona kwa ajabu, ilhali hakuna kilichobadilika. Wala hesabu ya kugeuza si moja kwa vitu vyote: kwa kolesteroli hugawanywa kwa takriban 38.7, na kwa trigliseridi kwa takriban 88.6. Kwa hiyo tuseme "kipimo" kwa tendo, "majibu" kwa namba, "kizio" kwa millimoli au miligramu, na "kiasi cha dawa" kwa kinachomezwa. Na kizio kiandikwe daima kando ya namba.

La pili ni tunda la balungi. Maji ya balungi yakinywewa kwa wingi huongeza kiasi cha simvastatini, na kwa kadiri fulani atorvastatini, katika damu, hata misuli ikaweza kudhurika. Tumewahi kukutana na tafsiri iliyomkataza mgonjwa maji ya zabibu. Mfasiri alilitazama jina la Kiingereza la balungi, akaliona la zabibu ndani yake, akaridhika. Msomaji wake aliacha zabibu, ambazo hazikuwa na kosa, akaendelea na mabalungi ya shambani kwake.

La tatu ni jina la kundi la dawa hizi. Statini ya kwanza iligunduliwa na Mjapani Akira Endo katika miaka ya 1970, alipokuwa akichunguza aina za kuvu zaidi ya 6,000. Iliyotangulia kuruhusiwa kuuzwa Marekani ni lovastatini, mwaka 1987. Mwaka 1994 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 4,444 wa moyo katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, na ikaonekana kwamba waliomeza simvastatini kwa miaka iliyofuatiliwa walikufa wachache kwa karibu asilimia 30 kuliko wasioimeza. Kwa hiyo tunaposisitiza mgonjwa asiache dawa, tunazungumzia uhai. Lakini katika maduka yetu iko pia nistatini, dawa ya fangasi za mdomoni, ambayo jina lake limetokana na jimbo la New York, wala haina undugu wowote na hizi. Mtu akiandika "statini" peke yake kwa haraka, huweza kusomwa vibaya. Jina la dawa liandikwe kwa ukamilifu.

La nne ni "madhara". Karatasi nyingi huorodhesha kila kitu chini ya neno hilo moja, kuanzia tumbo kujaa gesi hadi misuli kuharibika. Msomaji huogopa vyote sawasawa, au hapuuzi kimoja bali vyote. Tunalo neno zuri, "maudhi", kwa yale yanayosumbua yakapita. "Madhara" na libaki kwa yale ya kumkimbilia daktari, kama vile misuli kuuma au kulegea pasipo sababu, hasa mkojo ukiwa mweusi. Aidha mwanamke mwenye mimba au anayetarajia kubeba mimba aambiwe waziwazi azungumze na daktari kabla ya kumeza statini.

Mapendekezo

Kwa kifupi tunapendekeza hivi. "Kolesteroli" na "trigliseridi" yawe majina ya vitu hivyo viwili, kila kimoja na lake. "Mafuta ya damu" yabaki kuwa maneno ya kuanzia maelezo, yasiwe istilahi. "Lehemu" irudishwe kwa mafundi. "Statini" na "fibrati" yawe majina ya makundi ya dawa. Kitenzi kiwe "kudhibiti". Na neno "dozi" lisitumike kwa dawa isiyo na mwisho uliopangwa.

Tutaambiwa kwamba mwananchi wa kijijini hatalielewa neno "kolesteroli". Pingamizi hili tumelisikia tangu zamani, na daima husemwa na mtu asiye wa kijijini. Wananchi hao hao walijifunza "presha", "bakteria" na "vitamini". Neno geni lina faida moja juu ya neno lililozoeleka vibaya: humlazimisha msikilizaji aulize maana yake, na muuguzi aieleze. Neno "mafuta" halimlazimishi mtu kuuliza lolote.

Tutaambiwa pia kwamba bahasha ni ndogo na mtoa dawa ana foleni. Hilo ni kweli, nasi hatumlaumu. Lakini muhuri wa mpira hauchukui muda. Maneno yafuatayo yanatosha katika muhuri mmoja: "Dawa ya kudhibiti kolesteroli. Meza kila siku. Endelea hata majibu yakiwa mazuri. Usiache bila kumwona daktari. Rudi kabla vidonge havijaisha." Ni maneno yasiyozidi ishirini. Kila moja lina kazi, na la mwisho ndilo linaloondoa mawazo ya kumaliza dozi.

Tulimsomea mwalimu wetu maneno hayo. Aliyasikiliza, akaomba kalamu, akasahihisha mahali pamoja. Sisi tulikuwa tumeandika "Usiiache bila ushauri wa kitabibu". Akasema kwamba ushauri wa kitabibu hauna mlango wa kubisha hodi, lakini daktari anao. Tukayafuta maneno yetu tukaandika yake, kama yanavyosomeka hapo juu. Kisha akachukua bahasha yake mpya, akaandika juu yake kwa mkono wa kulia maneno yote, akairudisha ndani ya kamusi.